Maswali ya wasomaji: Dawa imekaa sehemu gani ya mti?

Toleo lililopita niliandika sentensi moja harakaharaka, kwamba dawa ya mpapai haiko kila mahali kwenye mpapai, ina ghala lake, kisha nikaendelea na habari za mbolea. Kumbe sentensi ile ndiyo mliyoisoma. Barua zimekuja mafungu kwa mafungu, na karibu zote zinauliza habari za protini za mimea: zile zinazolainisha, zinazogandisha, na zinazoua. Mwezi huu ninajibu hizo tu. Wa mbolea mnivumilie.

*Shikamoo Bibi. Sokoni kwetu kuna kijana anauza unga wa papai. Ananunua mapapai yaliyoiva, hata yale yanayoanza kulegea, anayakata, anayaanika, anayasaga. Anasema unga huo una papaini ya kusaga chakula tumboni, kikopo shilingi elfu tano. Mke wangu anasema papai lenye nguvu ni bichi, lililoiva ni la kula tu. Nani mkweli? – Msomaji, Korogwe*

Marahaba, mwanangu. Mkeo.

Nenda kwenye mpapai asubuhi, tafuta tunda lililokomaa lakini bado la kijani kibichi, ulikwaruze kidogo kwa ukucha. Litatoka tone jeupe kama maziwa, litashuka kidogo, halafu litaganda mbele ya macho yako. Huo utomvu ndio wenye papaini. Sasa fanya hivyo hivyo kwenye papai la njano lililoiva: utapata majimaji matamu, na utomvu hutauona. Ndani ya ganda la tunda bichi kuna mirija myembamba sana. Ni seli zilizopangana, kuta za katikati zikayeyuka, zikawa mfumo mmoja wa mabomba yaliyounganika. Mirija hiyo imo pia kwenye majani na shina, ndiyo maana jani la mpapai likivunjwa linalia. Tunda likiiva, ile ya kwenye ganda inakauka. Yule kijana anauza tunda kavu. Si sumu, ila kwa elfu tano utapata mapapai mangapi?

Haya nayajua kwa vidole vyangu. Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na saba, nilifanya kibarua cha kugema mapapai kwenye shamba moja huko tambarare, chini ya Moshi. Tulifika kabla jua halijachomoza, kwa sababu utomvu hutiririka vizuri mti ukiwa umejaa maji. Jua likishapanda unatoka kwa kusitasita. Kila mmoja alikuwa na wembe uliofungwa kwenye fito. Unachana tunda mistari minne kutoka juu kwenda chini, kina cha milimita mbili, zikizidi sana tatu. Msimamizi alizunguka akipaza sauti, "Ganda tu! Ganda tu!" Ukizamisha wembe hadi kwenye nyama, maji ya tunda yanachanganyika na utomvu, na mali inashuka daraja. Chini tulitega karai la plastiki, kamwe si bati wala chuma, kwa kuwa utomvu ukigusa chuma unageuka rangi na kupoteza nguvu. Baada ya siku nne hadi saba unarudi kwenye tunda lile lile na kuchana katikati ya makovu ya zamani.

Glavu hatukupewa. Wiki ya pili ncha za vidole vyangu zilikuwa laini kama za mtoto mchanga, na kila nikishika chumvi nilipiga kelele. Siku ya malipo ilitupasa kuweka dole gumba kwenye daftari, maana wengi wetu tuliambiwa sahihi zetu hazitoshi. Karani akatazama alama yangu, akanitazama na mimi. Palikuwa na doa la wino tu, halina mstari hata mmoja. Papaini ni kimeng'enya, yaani protini yenye kazi maalumu, na kazi yake ni kukata protini nyingine; na ngozi ni protini. Nyama ya ng'ombe, ngozi ya kibarua, kwake ni mamoja.

Hapo utauliza: kama kinakula nyama, mbona hakiuli mpapai wenyewe? Kwanza, kimefungiwa ndani ya mirija yake, mbali na seli nyingine. Pili, kikiwa ndani kina kipande cha ziada mwilini mwake, kama mbwa aliyevishwa kizibo mdomoni. Mti ukijeruhiwa, utomvu ukatoka nje, kizibo kinakatwa ndani ya dakika chache na mbwa anaanza kung'ata. Watafiti wa Kijapani walionyesha mwaka 2004 kazi yake ni nini: viwavi waliopewa majani ya mpapai walikufa, lakini majani yale yale yakikatwakatwa na kuoshwa utomvu wake, viwavi wakala na kunenepa.

Mengine kwa ufupi, maana barua za papai zilikuwa kumi na moja. Ndani ya utomvu papaini haiko peke yake. Ina ndugu, mkubwa wao anaitwa kimopapaini. Huyo Marekani walimruhusu mwaka 1982 kudungwa kwenye diski zilizochomoza kati ya pingili za uti wa mgongo, na baadaye matumizi yakaachwa, sababu mojawapo ikiwa ni mzio mkali kwa baadhi ya wagonjwa. Wewe unayevimba ukivaa glavu za mpira, uwe mwangalifu na papai, ndizi na parachichi pia, kwa sababu protini za utomvu wa mpira na za matunda hayo zinafanana. Mjamzito asile papai bichi. Na wale wa Dar es Salaam mlioniuliza habari za juisi ya majani ya mpapai kwa homa ya dengue, kama mlivyokuwa mkinywa mwaka 2014 na 2019: nendeni hospitali mkapimwe damu, na msimeze aspirini wala ibuprofeni hata kama kichwa kinapasuka, maana zinaongeza hatari ya kuvuja damu.

*Bibi, mama yangu amekamua mafuta ya nyonyo tangu sijazaliwa. Anakaanga mbegu, anatwanga, anachemsha na maji, mafuta yakielea anaengua. Makapi anayatupa jalalani, na kuku hupita wakidonoa, hajawahi kufa hata mmoja. Mimi nimenunua mashine inayokamua bila moto, mafuta yanatoka mazuri kweli. Mashudu yake niliwapa mbuzi. Wawili wamekufa, wa tatu aliharisha damu. Majirani wanasema nimerogwa kwa sababu ya mashine. – Msomaji, Dodoma*

Pole sana, ndugu yangu. Hakuna aliyekuroga. Mama yako alikuwa akiiua sumu kila siku bila kuitaja jina, na wewe umeihifadhi.

Chukua mbegu moja ya nyonyo, lakini usiitie mdomoni na uoshe mikono ukimaliza. Ganda lake la madoadoa, kama mgongo wa kupe aliyeshiba, ni gumu na linapasuka kama kauri. Ndani kuna kiini cheupe chenye mafuta. Kipasue kwa urefu katikati: utaona vijani viwili vyembamba kama karatasi ya sigara, vimelala vimegusana. Hivyo ndivyo majani ya kwanza ya mche. Hiyo nyama nyeupe inayovizunguka ni chakula chake, akiba aliyoachiwa na mama yake. Na ndani ya kila seli ya nyama hiyo kuna ghala mbili zisizoingiliana. Moja ni matone ya mafuta. Nyingine ni vifuko vidogo vya mviringo vilivyojaa protini, na humo, pamoja na akiba ya chakula, ndimo inamokaa sumu iitwayo risini. Jina hilo alilitoa Peter Hermann Stillmark mwaka 1888, alipokuwa akisoma udaktari Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, huko Estonia.

Mashine yako inapobana, matone ya mafuta yanapasuka na kutiririka. Risini haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo haiendi nayo. Inabaki kwenye mashudu yote, nzima, mbichi, imekolea kuliko ilivyokuwa kwenye mbegu. Mafuta yako ni salama kwa nywele. Mashudu yako ni sumu. Kwa mama, moto wa kikaango na maji yanayotokota vinaivuruga risini kama yai linavyoganda kwenye sufuria. Ikishavurugika hairudi tena. Lakini hata yake usiwape mifugo kwa makusudi: kuku kudonoa jalalani ni jambo moja, kujaza hori ni jambo lingine, na kikaango cha nyumbani hakiivishi sawasawa. Uyafukie shambani yawe mbolea, na uyafukie kwa kina, kwa sababu mbwa wanavutiwa na harufu yake na wamekufa wengi hivyo.

Mtoto akimeza mbegu nzima bila kuitafuna, mara nyingine inapita na ganda lake bila kumdhuru. Asiwe nayo matumaini mtu. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na usiseme utangoja uone. Akiwa ameitafuna ndiyo usipoteze hata dakika. Dawa ya kuifuta risini hakuna, kuna matibabu ya kuusaidia mwili ushinde.

Kabla hujafikiri kwamba umepata kanuni, yaani protini inabaki kwenye mashudu na mafuta yako salama, nakutajia mbono kaburi, ule wa ugo wa makaburini. Mbegu yake nayo ina protini yenye sumu iitwayo kursini, na hiyo inabaki kwenye mashudu. Ila ina sumu nyingine ambayo si protini, inayeyuka kwenye mafuta na haitishwi na moto wa jikoni. Mafuta ya mbono kaburi ni ya taa na sabuni. Usiyanywe.

*Mwalimu wetu wa baiolojia anasema protini inatengenezwa kwenye saitoplazimu. Wewe uliandika "ghala". Niandike nini kwenye mtihani? – Kidato cha Tano, Iringa*

Andika la mwalimu wako ukiulizwa inatengenezwa wapi. Ukiulizwa inahifadhiwa wapi, hapo ndipo ghala. Jikoni hapawi stoo.

Ghala kubwa la seli ya mmea ni vakuoli. Kwenye jani ni mfuko mmoja mkubwa wa maji unaosukuma kila kitu pembeni. Kwenye mbegu inayokomaa unagawanyika ukawa vifuko vingi vidogo vilivyoshindiliwa protini. Kiazi kitamu ulichokula asubuhi protini yake nyingi ni ya aina moja, sporamini, nayo iko kwenye vakuoli za nyama ya kiazi. Ni chakula cha mche, na papo hapo ni kizuizi cha kimeng'enya cha tumboni, ili mdudu anayetafuna kiazi kibichi asishibe. Mimea ina tabia hiyo: akiba na silaha inaziweka chumba kimoja. Jani peke yake ndilo tofauti kidogo. Protini yake inayoyeyuka, hadi nusu, ni moja tu, ile ya kunasa hewa ya ukaa, nayo iko kazini ndani ya kloroplasti, zile chembe za kijani za jani. Haikuwekwa akiba.

Kama shule yenu ina hadubini inayofanya kazi, fanyeni hili. Loweka harage usiku kucha, lichane kwa wembe uchane kipande chembamba mpaka uone mwanga upande wa pili, kisha dondoshea iodini. Vidonge vikubwa vitageuka bluu iliyokoza karibu na nyeusi: ni wanga. Katikati yake mtaona chembe ndogo ndogo zimegeuka manjano-kahawia. Hizo ndizo ghala za protini. Nilipokuwa fundi maabara niliwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa miaka ishirini na sita, na kila mwaka alikuwapo mmoja aliyetazama kope zake mwenyewe akachora.

*Jambo Bibi. Nyanya yangu alitoka Kasai, na alikuwa mkunga. Alichemsha majani fulani kwa muda mrefu, mwanamke akanywa, mtoto akaja haraka. Hapa hospitalini daktari kijana ameniambia kama dawa ile ilikuwa protini basi ilikufa motoni, na kama haikufa motoni ilikufa tumboni. Je, nyanya alikuwa anatudanganya? – Msomaji, Lubumbashi*

Daktari amesema kweli kuhusu protini karibu zote, na nyanya yako hakudanganya. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu umegusa jambo ninalolipenda kuliko yote.

Protini ni kama uzi mrefu uliokunjwa kwa ustadi. Kazi yake inatokana na mkunjo. Joto linaukunjua. Tumboni, vimeng'enya vinaanza kuukata kuanzia kwenye ncha na katikati. Kwa sababu hiyo insulini inadungwa, haimezwi. Na kwa sababu hiyo, mtu akikuuzia maji ya majani yaliyochemshwa saa zima akakuambia yana "protini hai", mwombe chenji.

Miaka ya 1960 daktari mmoja wa Norway, Lorents Gran, alikuwa Kongo akifanya kazi na Msalaba Mwekundu. Akawa anapokea wajawazito ambao uchungu wao ulikuja mkali na bila kuachia. Akaambiwa wamekunywa kalata-kalata. Ni mmea mdogo wa kutambaa kwenye nyasi, wa ukoo mmoja na mbuni wa kahawa, tena ukiuona huwezi kuudhania kitu. Wataalamu wanauita Oldenlandia affinis. Akinamama waliuchemsha kama chai. Gran akaubeba akaenda nao kwao, akatoa humo protini ndogo sana akaiita kalata B1, akaandika habari zake miaka ya mwanzo ya 1970. Haikuvunjika kwa kuchemshwa, na watu hawakuelewa kwa nini. Jibu lilipatikana mwaka 1995, umbo lake lilipochorwa kamili: uzi ule hauna ncha. Asidi amino 29, yaani punje zinazounda uzi wa protini, zimeshikana mkia kwa kichwa zikawa pete, na ndani ya pete kuna madaraja matatu ya salfa, moja limepenyezwa katikati ya mengine mawili kama fundo la mvuvi. Moto haupati pa kuukunjulia. Vimeng'enya vya tumboni vinazunguka vikitafuta ncha na hakuna ncha.

Mmea unaihifadhi kwenye vakuoli za seli zake, na kazi yake huko si kuzalisha wanawake. Ni kumdumaza kiwavi anayekula jani. Tangu hapo protini za namna hiyo zimepatikana kwa mamia, nyingi kwenye ukoo wa violeti, yale maua madogo ya Ulaya ya rangi ya urujuani, na kwenye ukoo wa mbuni.

Kama majani ya nyanya yako yalikuwa kalata-kalata hasa, hilo utaliuliza kwa shangazi zako waliobaki Kasai. Lakini usilijaribu kwa mtu. Nyanya alipima kwa kiganja na macho, na alipokosea hakukuwa na wa kuandika. Jani la masika na jani la kiangazi havilingani nguvu. Tumbo la uzazi likibanwa bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na linaweza kupasuka. Hospitalini wana oksitosini, dawa ya kuleta uchungu, inayoingia tone kwa tone, na mkono wa muuguzi uko tayari kuifunga.

*Ninasafisha maji ya bwawa kwa mbegu za mlonge. Jirani ananiambia nitumie unga wa majani, ni rahisi na una protini nyingi zaidi. – Msomaji, Kitui*

Mwambie protini za jani na za mbegu ni watu wawili tofauti. Ya jani ni lishe: unga mkavu wa majani ya mlonge una protini karibu robo ya uzito wake. Utie kwenye uji. Ukiutia kwenye maji ya bwawa utapata maji ya bwawa ya kijani.

Ya kugandisha tope iko kwenye kiini cheupe cha mbegu. Ni protini ndogo yenye chaji chanya; udongo unaoelea majini una chaji hasi; wanashikana, wanakuwa mabonge, wanazama. Wanawake wa Sudan walikuwa wakiyatuliza maji ya mto Nile kwa mbegu hizi, na Samia Al Azharia Jahn ndiye aliyewafuata, akaandika na kuufahamisha ulimwengu. Menya ganda, twanga kiini, kiini kimoja kwa lita, viwili kama maji ni tope zito. Koroga mbio dakika moja, kisha polepole dakika tano hadi kumi, acha saa moja au mbili, mimina ya juu kwa kitambaa. Hapa huchemshi kwanza: protini inayeyuka kwenye maji baridi yenyewe. Ila maji yakishatulia na kuchujwa, yachemshe. Vijidudu vingi vimezama na tope, lakini si vyote, na mabaki ya mbegu ni chakula chao. Yakilala siku ya pili yameharibika.

*Mimi ni mkulima wa nanasi Kiwangwa. Nikishavuna, visiki nang'oa nachoma moto. Nimesikia Wazungu wanavinunua. Kweli? – Msomaji, Bagamoyo*

Wanavinunua waliojenga kiwanda karibu na mashamba, ndugu yangu. Kwako nitakueleza kwa nini wanavitaka, halafu uamue kama utaendelea kuchoma.

Nanasi lina kimeng'enya cha ukoo ule ule wa papaini, bromelaini. Kiko kwenye tunda, ndicho kinachokuchoma ulimi ukila la pili na la tatu. Lakini kwenye shina, hicho kisiki kinene cha wanga kinachobaki ardhini, kimejaa zaidi. Ralph Heinicke, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mananasi ya Hawaii, alilitangaza hilo mwaka 1957, na tangu hapo bromelaini ya biashara inatoka kwenye visiki vilivyosagwa, si kwenye tunda. Mwaka 2012 Ulaya waliruhusu dawa ya kusafishia vidonda vya moto iliyotengenezwa kwa vimeng'enya vya shina la nanasi. Inayeyusha ngozi iliyokufa na kuiacha iliyo hai, kazi ambayo mara nyingi hufanywa kwa kisu. Usije ukamsagia mtu kisiki ukampaka. Ile imesafishwa, imepimwa, na inapakwa na wataalamu mgonjwa akiwa amepewa dawa ya maumivu.

Kama una mjukuu anayependa jeli ya pakiti, mwonyeshe mchezo huu nilioufanya Idi iliyopita. Bakuli mbili za jeli: moja tia vipande vya nanasi bichi, nyingine vipande ulivyochemsha dakika kumi vikapoa. Ya pili iliganda vizuri. Ya kwanza kesho yake ilikuwa bado sharubati, maana jeli ni protini na bromelaini imeikatakata usiku kucha. Mjukuu wangu aliinywa kwa mrija, akasema hiyo ndiyo tamu.

*Bibi, rafiki yangu wa mazoezi amenipa unga wa maharage mabichi nikoroge kwenye maji kila asubuhi, eti unazuia wanga usiingie mwilini nipungue. Jana nimetapika mpaka nikaona nyota. Ni dalili ya kwamba mafuta yanatoka? – Msomaji, Mwanza*

Ni dalili ya kwamba umekula maharage mabichi.

Mwenzako amesikia nusu. Ni kweli harage lina protini inayozuia kimeng'enya cha kusaga wanga. Lakini ghala ni lile lile, vile vifuko vya manjano-kahawia nilivyomwambia yule kijana wa Iringa, na ndani yake imo pia lektini, protini yenye sumu inayoshika kuta za utumbo. Maharage mekundu ndiyo yanayoongoza. Mbegu mbichi nne au tano tu zinatosha kumtapisha mtu mzima ndani ya saa moja hadi tatu. Moto mdogo hausaidii: yakiiva polepole bila kutokota, sumu inaweza hata kuongezeka. Kunywa maji kidogo kidogo, na ukiona bado unatapika leo au unaharisha, nenda zahanati.

Unga uliobaki usiwape hata kuku. Maharage mengine uliyonayo uyaloweke usiku, asubuhi umwage maji yake, utie mapya, uyachemshe yatokote kwa nguvu nusu saa nzima ndipo upunguze moto.